Programa masaa 72 kwa wiki vs masaa 40: nina ofa mbili, naombeni maoni

kijana_wa_seva: Wakuu habari za jioni. Nina ofa mbili mezani. Ya kwanza stataapu (kampuni changa), wanataka ile ya Wachina ya 996, yaani saa 3 asubuhi mpaka saa 3 usiku siku 6 (kwa saa zetu ingeitwa 336 😂), mshahara karibu mara mbili ya ile nyingine. Ya pili masaa 40, wikiendi yako, hela ya kawaida. Bosi wa stataapu anasema programa anayekesha anazalisha mara mbili. Kuna ukweli hapo?

Mzee_Kodi: Chukua hela kijana, bado huna mke. Timu iliyotengeneza Macintosh ya Apple walikuwa wanavaa masweta yameandikwa wanapiga masaa 90 kwa wiki na wanapenda, na mashine ikatoka 1984 dunia ikashangaa.

binti_lamu: Mzee wangu hao walikuwa na lao moyoni, huyu anaenda kuajiriwa. Kuna mchumi wa Stanford, John Pencavel, alifukua rekodi za wafanyakazi wa viwanda vya silaha Uingereza vita ya kwanza ya dunia, wengi wanawake, akakuta anayefanya masaa 70 anatoa karibu sawa na wa 56. Masaa 14 yote yamekwenda na maji. Na hiyo ni kazi ya mikono, sasa wewe unayeandika kodi (sio ya TRA) ukichoka hata hujui kama umechoka, unaona unatiririka tu.

Otis254: Aki hiyo ya kutojua umechoka ni ukweli. Nilikuwa nafanyia sacco moja hapa Nairobi, wiki ya tatu tunalala ofisini juu ya dedilaini, saa nane usiku nikaambiwa rekebisha salio la memba mmoja tu. Nikaandika UPDATE (amri ya kubadilisha data), nikasahau WHERE (sehemu inayotaja ni memba yupi), nikabonyeza enta. Kurudi kuangalia, memba wote wako na salio moja, kutoka mwenye duka mpaka mwalimu aliyestaafu, shilingi kwa shilingi. Bakapu ilikuwa ya juzi yake. Tulimaliza siku nne tukiingiza risiti moja moja kwa mkono. Hiyo kazi ya usiku ilikuwa ya dakika mbili.

kijana_wa_seva: @Otis254 duh pole sana kaka 😭

wakili_msela: Hao Wachina wenyewe walishachoka nayo. 2019 maprograma wao walifungua ukurasa GitHub (mtandao ambako maprograma wanaweka kodi zao) wakauita 996.ICU, maana yake piga 996 uishie ICU (wodi ya mahututi), Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, akasema 996 ni baraka, wakamshukia kama mwewe. Agosti 2021 mahakama yao ya juu ikasema wazi ni kinyume cha sheria, japo kimyakimya wapo wanaoendelea.

Sasa njoo bongo. Sheria ya ajira ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, ovataimu isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne na inalipwa mara moja na nusu. Wewe 72 toa 45 ni 27, mara nne ni 108. Zaidi ya mara mbili ya kiwango. Na ukipiga hesabu ya hiyo moja na nusu, ilitakiwa ulipwe kama masaa 85 na nusu, sasa linganisha na 40 ya ofa ya pili, hata hiyo "mara mbili" yenyewe umepunjwa. Waulize ovataimu imeandikwa wapi kwenye mkataba.

Mzee_Kodi: Hesabu hiyo sikuipiga, nimekubali. Ila wiki moja ya kukesha kabla ya kuachia programu sio mbaya, mradi inayofuata mtu alale.

binti_lamu: Wiki moja sawa mzee. Huyu anaambiwa mwaka mzima.

kijana_wa_seva: @wakili_msela nimewauliza kwa imeili. HR kajibu sasa hivi, Jumapili saa tano na nusu usiku, anasema ovataimu "imo ndani ya mshahara", halafu anaulizia kama naweza kuanza kesho.