Mrejesho: mauntingi ya injini nimebadili

Wakuu, juzi niliuliza: nikifungua mauntingi ya kulia (kile kishikizo chenye mpira kinachobeba injini), injini naishikilia na nini? Mlisema jeki chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), katikati ubao, maana chuma kwa chuma sampo inabonyea. Hapa Mafinga mbao za paina hazitafutwi. Nilichukua kipande kipana, kinene, kikaenea karibu sampo nzima. Gari lenyewe nililiweka juu ya stendi.

Nikapampu jeki taratibu mpaka injini ikanyanyuka kidogo tu, ndipo nikafungua. Ile ya zamani mpira ulikuwa umechanika kabisa! Kufunga mpya, boliti ya mwisho ikagoma, matundu hayalingani. Nikaongeza pampu nusu, ikaingia kwa vidole.

Mtetemo umeisha. Mkuu uliyeshauri injini niishikilie kwa kamba ya katani, hapana aisee.