Mdogo wangu ametulia kwa dawa za akili, sasa nyumbani wanataka aache. Naombeni ushauri

DadaWaTatu:
Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, yuko chuo. Mwaka jana mwishoni alianza kujifungia chumbani, halali, anasema wenzake wa hosteli wanamsikiliza kupitia simu mpaka siku moja akatoa laini akaitafuna. Tulianza kanisani, baadae ndo tukaenda hospitali, wakasema ni saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo kweli, akalazwa na kuanzishiwa dawa inaitwa haloperidoli. Siku chache tu shingo ikapinda upande mmoja, macho yanapanda juu, mama alijua ndo anamfia mikononi, wakamchoma sindano ikaachia, wakamwongezea Artane, vidonge vya kuzuia huo ukakamavu.

Sahivi kwa kweli sauti hasikii tena, analala, anakula na sisi. Ila amekuwa mzito yaani, anatembea amekakamaa, mikono haichezi kabisa, na usiku mate yanalowanisha mto. Mama na wajomba wanasema ameshapona aachane na madawa yanamfanya zezeta. Kliniki tukienda daktari anaandika ileile tunaondoka. Je anaweza kuacha? Na hii ya kukaa na mwanasaikolojia inasaidia kwa ugonjwa kama huu au ni ya wenye msongo wa mawazo tu?

nesi_wa_zamu:
Poleni sana dada, na hongereni kumfikisha hospitali. Mi nafanya kazi wodi ya afya ya akili. Tafadhali msimwachishe ghafla.

Hizo dawa zinaziba sehemu ambazo kemikali inaitwa dopamini inapokelewa kwenye ubongo, ndo maana sauti na zile hofu zinapungua. Shida dopamini hiyohiyo ndo inasaidia misuli kwenda vizuri, kwahiyo dozi ikiwa kubwa kwake au dawa isipomfaa ndo unaona shingo, ukakamavu na mate. Hayo sio ya kuvumilia kimyakimya, yana tiba. Dozi inaweza kushushwa, au akabadilishiwa risperidoni au olanzapini, ambazo mara nyingi hazikakamazi sana (olanzapini ina lake, inanenepesha na sukari inaweza kupanda, kwahiyo apimwe uzito na sukari). Mkienda tena usiseme tu "anaendelea vizuri". Mwambie daktari amwangalie anavyotembea, na amkunje kiwiko aone kilivyo kigumu, haichukui hata dakika mbili.

Kuhusu kuacha, kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza kawaida anaendelea na dawa kama mwaka hivi baada ya dalili kuisha kabisa, ndo daktari aanze kupunguza kidogokidogo. Kuona ametulia leo ni dawa inafanya kazi. Na muulizeni kwa upole kama anavuta bangi maana hiyo inawarudisha wengi sana wodini.

Mama_K:
Dada mi naumwa baipola, yaani hali inapanda nachangamka kupita kiasi au inashuka sana, natumia dawa ya lithiamu miaka mingi sasa, nalea na biashara naendesha. Hiyo nayo ina masharti yake, napima damu kuangalia kiwango, figo na tezi ya shingo, nakunywa maji ya kutosha na siruhusiwi kununua dawa za maumivu kama diklofenaki dukani kiholela kwa sababu lithiamu inaweza kupanda kwenye damu ikawa sumu.

Sasa mwanasaikolojia alinisaidia nini? Dawa inanishikilia nisipande wala nisishuke, lakini ni yule mama aliyekaa na mimi tukaandika dalili zangu za mwanzo. Kwangu ni kulala masaa matatu na kuamka sina uchovu, alafu naanza kupigia watu simu usiku. Mume wangu anayo hiyo karatasi, akiona viwili kati ya hivyo tunaenda kliniki siku hiyohiyo hatubishani. Dawa haiwezi kukufundisha hilo.

mwl_Tabora:
Kuongezea hapo, kuna mazungumzo ya aina tofauti. Kule Harare daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa bibi waliofundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kutatua naye tatizo mojamoja, ukafanyiwa utafiti ukaonekana unapunguza sonona na wasiwasi kweli. Kwa hayo, mazungumzo peke yake yanaweza kutosha kwa wengi. Kwa saikosisi hapana, yanakwenda pamoja na dawa. Anafundishwa afanyeje sauti zikirudi, arudije chuo, na nyie familia mnafundishwa pia.

Hapo kwa familia ndo naomba mkazie. Kuanzia miaka ya 1950 mtafiti George Brown na wenzake kule London walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali, wakakuta wanaorudi kwenye nyumba za kulaumiwa na kufokewa wanaugua tena zaidi ya wengine. Hilo neno zezeta lisitamkwe tena hapo nyumbani hata kwa utani.

Mtumishi77:
Na maombi msiache, ila mchungaji wetu akimaliza kuombea mgonjwa anamuuliza dawa umemeza? Mtafuteni mtumishi wa namna hiyo aongee na wajomba, watamsikia.

DadaWaTatu:
Asanteni mno, nimemsomea mama yote kasema basi aendelee mpaka tumuone daktari. Kingine, vidonge vya kila siku anavichoka, juzi nimekuta vimefichwa chini ya godoro. Nimpondee kwenye uji?

nesi_wa_zamu:
Hapana dada usimfiche, akijua ataogopa hata chakula chako na ugonjwa wake ni huohuo wa kudhani anafanyiwa njama. Kaa nae muulize kinachomkera, nahisi atakwambia ni huo ukakamavu. Ukakamavu ukitibiwa na bado anachoka vidonge, kuna sindano ya dawa ya muda mrefu kama Modecate inachomwa kila baada ya wiki mbili mpaka nne, achague mwenyewe ni mtu mzima. Na angalieni hili: akipata homa kali huku mwili mgumu kama ubao na anaanza kuchanganyikiwa, msimpe dozi nyingine, mkimbizeni hospitali muda huohuo hata usiku, mkabebe na dawa zake waone anatumia nini.