Mjadala: Je, wanamazingaombwe wa ridhaa walipie michezo mipya kabla haijatoka?

Siku hizi michezo mipya ya mazingaombwe hutangazwa wiki kadhaa, na mara nyingine miezi kadhaa, kabla ya kuanza kuuzwa, na wapenzi wa sanaa hii huhimizwa walipie mapema ili wapate punguzo, toleo la kwanza lenye kasha la pekee, au uhakika tu wa kutokosa. Swali ninalolileta ni kama sisi tunaofanya mazingaombwe kwa ridhaa, yaani tusioishi kwa kazi hiyo, tunapaswa kuitikia mwito huo. Msimamo wangu ni kwamba hatupaswi, isipokuwa katika hali chache nitakazozitaja, na ningependa wenye mawazo tofauti waje na hoja zao baada ya kuzisoma zangu.

Kiini cha jambo hili ni aina ya bidhaa tunayonunua. Mwaka 1962 mwanauchumi Kenneth Arrow alieleza tatizo la msingi katika kuuza maarifa: mnunuzi hawezi kujua thamani ya maarifa mpaka ayapate, na akishayapata hana tena sababu ya kuyalipia. Sioni biashara inayobanwa na tatizo hilo kuliko yetu. Sumaku, uzi au kipande cha plastiki kilichomo ndani ya kasha ni sehemu ndogo ya bei. Sehemu kubwa ni siri, na muuzaji akikufunulia siri ili uikague, ameshakupa kile alichokuwa anauza. Ndiyo maana wauzaji wengi hawapokei mchezo uliokwisha kufunguliwa, na kwa hilo siwalaumu. Lakini matokeo yake kwa mnunuzi ni mazito. Ukaguzi pekee unaobaki ni neno la mtu ambaye tayari anao mchezo huo, ameufanya mbele ya watu wa kweli, na hapati chochote kutokana na mauzo yake. Neno hilo haliwezi kuwepo kabla mchezo haujatoka. Anayelipia mapema anaiacha kinga hiyo pekee kwa hiari yake, na anakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wanaonipinga hunijibu kwamba video ya matangazo inatosha, kwa kuwa mchezo unaonekana ukifanyika. Basi tuitazame kwa karibu video ya namna tuliyoizoea. Mtazamaji mmoja amesimama mbele ya mwanamazingaombwe, na kamera iko usawa wa kifua, upande wa kushoto. Karata iliyotiwa saini inaonekana wazi kwenye ncha za vidole. Mkono unatikiswa kidogo, karata haipo. Hapo hapo picha inahamia kwenye uso wa mtazamaji aliyeziba mdomo kwa viganja, na inaporudi, mikono ya mwanamazingaombwe ni mitupu na vidole vimetanuliwa. Huenda kila kilichoonyeshwa ni cha kweli. Hata hivyo, zile sekunde mbili au tatu za uso wa mtazamaji ndizo tulizokuwa tukizihitaji. Mkono ulikwenda wapi wakati huo? Koti la mikono mirefu lilivaliwa kwa sababu ya baridi, au mchezo hauwezekani bila koti? Aliyesimama upande wa kulia angeona nini? Na karata iliporejea, je, mtazamaji aliruhusiwa kuishika na kuigeuza? Video inanyamaza mahali pale pale ambapo uamuzi wa kununua unasimama, na mnunuzi anapojazia ukimya huo kwa matumaini yake mwenyewe, hawezi baadaye kusema kwamba alidanganywa.

Maswali hayo ni mazito zaidi kwetu kuliko kwa anayelipwa. Mwenye jukwaa hupanga viti, huchagua taa, huamua nani asimame wapi, na ana mfuko, meza au msaidizi wa kumwondolea kile kisichopaswa kuonekana. Mwanamazingaombwe wa ridhaa hufanya mchezo katikati ya ndugu na marafiki waliomzunguka pande zote, wengine wakiwa wamekaa chini kuliko mikono yake, mtoto mmoja akiwa nyuma ya bega lake, na wote wakijua kwamba wana haki ya kumnyang'anya kifaa na kukikagua. Humtaka arudie papo hapo, na hawampi nafasi ya kuondoka ili apange vifaa upya. Mchezo unaovutia sana mbele ya kamera moja unaweza kuwa mzigo kabisa katika mazingira hayo, na jambo hilo hujulikana tu pale wanunuzi wa kwanza wanapoanza kueleza yaliyowapata.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Husemwa kwamba mwanamazingaombwe wa kulipwa hubadilisha hadhira kila siku, hivyo anaweza kufanya michezo ile ile kwa miaka mingi, ilhali wa ridhaa hubaki na hadhira ile ile na hulazimika kubadilisha michezo. Kwa hiyo, wanasema, ni sisi tunaohitaji vitu vipya kuliko mtu mwingine yeyote. Mwanzo wa hoja hii ni wa kweli, lakini hitimisho halifuati. Hadhira inahitaji kitu ambacho yenyewe haijawahi kukiona, na hilo halina uhusiano wowote na tarehe ambayo kitu hicho kiliingia sokoni. Mwaka 1936 mwanamazingaombwe Joe Berg alitoa pakiti maalumu ya karata ambayo kwayo mtazamaji hutaja karata yoyote, na karata hiyo pekee hukutwa imegeuzwa kinyume cha nyingine zote. Kwa shangazi yako ambaye hajawahi kuuona, mchezo huo umezaliwa leo. Mwaka 1922, mjini Chicago, Dai Vernon, bingwa wa karata, alimfanyia mwanamazingaombwe mashuhuri Harry Houdini mchezo wa karata akaurudia mara kadhaa, na Houdini, aliyejigamba kwamba angeng'amua siri ya mchezo wowote akionyeshwa mara tatu, alishindwa. Wazo la karata inayorudi juu ya pakiti kila inapowekwa katikati halikuwa geni wakati huo. Kilichomshinda mtu aliyejua mengi kiasi kile ni jinsi Vernon alivyoufanya. Ustadi huo hauletwi na kifurushi, na kila juma linalotumika kungoja kifaa kipya lingeweza kutumika katika mazoezi ya kitu ambacho tayari tunacho.

Hapa inatupasa tuseme ukweli kuhusu tunachonunua. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, aliandika katika barua zake kwamba vikombe na vijiwe vya wafanya viini macho vilimfurahisha kwa sababu ya udanganyifu wenyewe, na kwamba akionyeshwa unavyofanyika, hamu yake inakwisha. Ndivyo inavyotokea kwa wengi wetu. Tunapoitazama video mara ya kumi tunadhani tunautamani mchezo, kumbe tunachokitamani ni jibu. Kifurushi kinafika, kasha linafunguliwa, maelekezo yanatazamwa hadi pale siri inapofunuliwa, na hamu inakwisha kabla kifaa hakijatumika mbele ya mtu hata mmoja. Kulipia mapema kunaukuza ugonjwa huu, kwa sababu malipo hufanyika wakati udadisi uko kileleni. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wauzaji wanalifahamu hilo vizuri, ndiyo maana punguzo la kulipia mapema huwekewa saa ya kumalizika. Mchezo ambao bado unautaka mwezi mmoja baada ya kutoka, wakati siri yake imekwisha kukisiwa na watu na msisimko umepoa, huo ndio una nafasi katika mikono yako.

Hoja nzito kuliko zote inawahusu wabunifu wenyewe. Sheria haiwalindi vya kutosha. Mwaka 2014 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Nevada, nchini Marekani, ilimpa mwanamazingaombwe Teller ushindi dhidi ya mtu aliyeiga onyesho lake la kivuli cha waridi, lakini kilicholindwa ni onyesho lenyewe kama mchezo wa jukwaani, wala si siri ya namna linavyofanyika. Hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, nayo ina gharama kubwa na humlazimu mwombaji aiandike siri hadharani. Hivyo mbunifu anapotoa kifaa kizuri, waigaji wanaweza kukinakili na kukiuza kwa bei ya chini, na mapato yake ya kweli yamo katika siku za mwanzo. Kwa mbunifu asiye na mtaji, malipo ya mapema ndiyo yanayolipia kalibu za kumiminia plastiki, uchapaji wa karata na kazi ya kiwandani. Nakubali yote hayo, na ninaamini kwamba sanaa hii inategemea watu wa namna hiyo. Ila lazima tutenganishe mambo mawili. Kumlinda mbunifu dhidi ya waigaji ni kununua kwake na kukataa nakala, na wajibu huo unatimizwa kikamilifu na mtu anayenunua kwake mwezi wa pili baada ya mchezo kutoka. Kumpa mtaji ni jambo jingine: ni kubeba hatari ya biashara yake pamoja naye. Anayetaka kuibeba na aibeba, mradi ajue kwamba hiyo ndiyo kazi anayoifanya na aweke fedha ambazo hatazililia zikipotea.

Hatari hiyo ina vipimo. Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyechunguza miradi ya Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia bidhaa kabla hazijatengenezwa, alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 2014 kwamba zaidi ya robo tatu ya bidhaa alizozifuatilia zilichelewa kuliko ilivyoahidiwa, na katika ule wa mwaka 2015 alikuta kwamba takriban asilimia 9 ya miradi iliyochangiwa kikamilifu haikuwapa wachangiaji walichoahidiwa. Miradi hiyo haikuwa ya mazingaombwe peke yake, na duka lenye sifa njema haliwi sawa na mtu anayetengeneza kifaa kwa mara ya kwanza. Lakini ugumu wa kutengeneza kitu kidogo chenye betri, sumaku na programu ya simu ni ule ule, na mfumo wa simu ukibadilishwa katikati ya safari, kifaa kinaweza kufika kikiwa hakisomeki. Nchini Marekani kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara inamtaka muuzaji wa bidhaa zinazoagizwa kwa posta, simu au intaneti asafirishe katika muda aliotangaza, au ndani ya siku 30 kama hakutangaza muda wowote, na akishindwa aombe idhini ya mnunuzi ya kuchelewa au amrudishie fedha zake. Ni kinga nzuri dhidi ya ucheleweshaji. Haimsaidii mtu ambaye kifurushi chake kimefika salama, kifaa kinafanya kazi kama kilivyoelezwa, na bado hawezi kukitumia kwa kuwa hafanyi mazingaombwe akiwa amepeana mgongo na ukuta.

Najua nitaulizwa: kila mtu akingoja, nani ataandika tathmini ya kwanza? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba wapo watu ambao hesabu zao ni tofauti na zetu. Mwenye maonyesho yanayolipwa anaweza kurudisha gharama kwa onyesho moja, na mchezo ukimfaa kabla ya washindani wake, kutangulia kuna thamani halisi kwake. Zaidi ya hayo, wauzaji wanaweza kuwapa nakala watathmini wasiofungwa nao, na wengi hufanya hivyo. Jambo ninalolithamini zaidi, hata hivyo, ni athari ya kungoja kwetu juu ya matangazo yenyewe. Maadamu video ya nusu dakika inaleta fedha, hakuna sababu ya kutoa nyingine. Wanunuzi wa ridhaa wakiwa wengi wanaongoja, muuzaji mwenye mchezo mzuri atalazimika kuuonyesha kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukata picha, mbele ya watu waliokaa pande tatu, kwa sababu yeye ndiye atakayepata faida kwa kufanya hivyo. Chema chajiuza, na mwenye nacho hataogopa.

Hali ambazo ningeafiki kulipia mapema ni zile ambazo siri haimo ndani ya bidhaa, au imo kwa sehemu ndogo. Karata za kawaida zenye michoro mipya huchapwa kwa idadi maalumu, na unachokiona kwenye picha ndicho utakachokipata. Kitabu cha mwandishi ambaye kazi zake za nyuma umezifanyia kazi nacho ni salama, kwa kuwa hata sura moja nzuri hukupa miezi ya mazoezi. Vivyo hivyo kifaa cha zamani kinachotengenezwa upya, ambacho namna ya kukitumia tayari unaijua na unajua kwamba kinakufaa. Katika hali hizo zote ningetaka tarehe ya kusafirishwa iandikwe, na haki ya kufuta agizo kabla ya tarehe hiyo iandikwe pia. Anayeagiza vitu vya moto aulize kwanza kama vitasafirishwa kweli, maana karatasi za kuwaka ghafla huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari katika usafiri wa ndege.

Kwa wanaoendelea kulipia mapema, nina ombi moja ili mjadala huu usiwe wa maneno matupu. Tajeni michezo mnayoifanya sasa mara kwa mara mbele ya watu, kisha mtuambie ni ipi kati ya hiyo mliilipia kabla haijatoka, na ingepungukiwa na nini kama mngeinunua miezi mitatu baadaye. Na kwa wabunifu na wauzaji wanaosoma hapa: ni kitu gani kinachowazuia kuweka, kando ya video ya matangazo, onyesho moja kamili lisilokatwa siku ile ile mnapoanza kupokea fedha?