Naomba ushauri: nataka kununua farasi, nipo Tabora

Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu.

Nipo Tabora, nje kidogo ya mji. Tangu utotoni napenda farasi, na sasa nimepata jamaa wa Arusha anauza wawili: jike chotara wa Kiarabu na dume mrefu anayesema ni Thoroughbred, wale wa mashindano. Dume anataka milioni 6. Bei ya jike inazungumzika.

Nilisafiri kwenda kuwaona. Yule jike alininusa kiganja, akatulia kabisa. Nilimfunua mdomo: meno yote ya mbele ni ya ukubwani, kwa hiyo miaka 5 amefikisha. Lakini ukwato wa mguu wa mbele kushoto una ufa mwembamba unaopanda kutoka chini, na nilipougusa muuzaji akaharakisha kunionyesha tandiko. Hapo moyo ukasita.

Kinachoninyima usingizi hasa ni mbung'o. Mapori yetu ya Sikonge na Urambo mnayajua. Ng'ombe wenyewe wanaugua nagana, na farasi ndiyo kabisa, haivumilii. Afadhali hata punda. Je, dawa tunayowachoma ng'ombe inamfaa farasi, na kwa kipimo gani? Banda nimeshalizungushia wavu, maana visubi wa usiku nao huambukiza tauni ya farasi.

Halafu kwato nani atazichonga huku? Na kibali cha kusafirisha mifugo naanzia kwa daktari wa mifugo wa kule au wa kwetu?

Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijatoa pesa. Jamaa amenipa hadi Jumapili.