Swichi ya kuzuia stata kwenye gari la kujiundia: klachi, giaboksi au ya kuficha?

kipara_spana: Wakuu habari za jioni. Naunda kigari cha kuchezea shambani huku Moro, fremu ya bomba nimechomelea mwenyewe, injini 4K ya Corolla ya zamani na giaboksi manyuo, klachi nimeweka ya kebo. Kinatembea safi ila juzi nusura kimkanyage mdogo wangu, jamaa kasimama pembeni kaingiza mkono kapiga stata kumbe nilikiacha gia ya kwanza, kikaruka kama mbuzi kikapasua pipa la maji. Sasa nataka stata isipige hovyo. Nina njia tatu kichwani, swichi kwenye pedeli ya klachi, swichi ya nyutro kwenye giaboksi, au nifiche swichi ya kawaida chini ya dashibodi niwe nazima mwenyewe. Ipi?

mama_gereji: Ya tatu itoe. Hiyo ni ya kumsumbua mwizi, siku uliyosahau kuizima ndo siku hiyohiyo mtoto anapanda. Ya nyutro tamu kwenye otomatiki, ile ya pembeni ya giaboksi inaruhusu P (paki) na N (nyutro) tu basi. Kwa manyuo angalia kwanza kama imo, giaboksi nyingi za zamani zina swichi moja na hiyo ni ya taa za rivasi, usije ukaifunga ukadhani ya nyutro gari likawa linawaka kwenye rivasi tu 😂

wairingi254: Klachi bana. Lakini usiweke swichi ya taa za breki vile mimi nilifanya nikijua nimesevu pesa. Hiyo inashika mara tu pedeli ikiondoka mahali pake, yaani ukigusa kidogo tu stata inapiga na klachi bado haijaachia. Tafuta ya kushika pedeli ikifika chini kabisa. Mikroswichi ya miguu mitatu iko poa, tumia COM (mguu wa pamoja) na NO (unaoshika swichi ikibanwa), na uiwekee stopa ya chuma juu, la sivyo ukiikanyaga na buti itapasuka wiki ya kwanza.

kipara_spana: Nimewasoma, klachi basi. Fundi mmoja hapa anasema waya wa stata niupitishe moja kwa moja kwenye hiyo mikroswichi, kweli?

mama_gereji: Ataichoma. Solenoidi, ile sumaku ya umeme ya stata, ikivuta inaweza kula ampea 20 na zaidi. Weka rilei ya volti 12, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, koili yake inakula chini ya robo ampea. Miguu ya rilei ina namba: 30 toka betri kupitia fyuzi ya 30, 87 iende mguu wa 50 wa stata kwa waya mnene, 86 kwenye ufunguo, 85 iende ethi (hasi, yaani fremu) kupitia swichi ya klachi. Kwisha.

mzee_wa_testa: Dada hapo mwisho nakupinga. Ukikatia upande wa ethi, ule waya wa pedeli ukichubuka ukagusa fremu, na fremu ya bomba ina kona kali kila mahali, rilei inaona kama klachi imekanyagwa muda wote. Gari litawaka vizuri kila asubuhi na hutajua ulinzi ulishakufa mpaka liruke tena. Katia upande wa chanya, ufunguo, fyuzi ya 5, swichi ya klachi, ndo 86, halafu 85 ethi moja kwa moja. Hapo waya ukigusa fremu fyuzi inakatika, stata haipigi, unatukana kidogo unatafuta tatizo.

mama_gereji: Mzee umenikamata. Nilizoea ethi sababu waya ni mfupi. Kwa fremu ya bomba nabadili kauli.

wairingi254: Na kitufe cha kubaipasi, yaani kuiruka hiyo swichi, je? Kebo ikikatika huko shamba atawasha aje?

mzee_wa_testa: Kebo ikikatika pedeli si itaenda chini kirahisi zaidi? Swichi inasoma pedeli, haisomi klachi, kwa hiyo stata itapiga tu, na ndo maana mtikise gia kila mara kuhakikisha iko nyutro hata kama mna swichi. Halafu kijana, injini yako imekaa kwenye raba, umeiwekea ethi nene kwenda fremu? Bila hiyo umeme wote wa stata unarudi kupitia kebo ya klachi, inapikika ndani kwa ndani.

kipara_spana: Mzee we mchawi, ethi ya injini sikuweka, na kebo ilikuwa inatoa moshi nikadhani oili 🤦🏾 Leo nimemaliza. Nimekiinua juu ya stendi, nikachomoa waya wa koili ya plagi, gia ya kwanza, ufunguo: kimya. Klachi nusu: kimya. Mpaka chini: inapiga. Kisha nikagusisha waya wa pedeli kwenye fremu makusudi, klachi chini, ufunguo, fyuzi ikaenda. Dogo kaangalia yote kwa mbali, pipa jipya bado ananidai mama.