Uzito umegota kwenye kilo 82, naomba ushauri
Ndugu wanachama, habari zenu. Nina umri wa miaka 36 na urefu wa sentimita 162; tangu nilipopunguza ugali wa usiku na kuacha sukari kwenye chai nimeshuka kutoka kilo 88 hadi 82, lakini kwa wiki sita sasa mshale wa mzani hausogei. Mchana hula wali wa nazi kwa maharage, na jioni karanga, ambazo (kwa ujinga wangu) nilizihesabu kuwa chakula chepesi, kumbe gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 ilhali ya wanga ina 4. Nilijaribu kuacha kifungua kinywa, nikaishia kula maradufu mchana. Je, nianze kupunguza nazi na karanga, au kipimo cha wali? Na nile maharage kiasi gani ili nisipoteze misuli?