Tupeane uzoefu: hita ya tenki dogo la beta huku Mtwara, ulinunua ipi na ikakufikisha wapi?

Korosho Ghafi (Chuno, Mtwara)
Habari zenu wakuu. Mwenzenu nina samaki mmoja tu, beta, wengine wanamwita faita, dume la bluu lina mkia kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Tenki lake la lita 15 liko sebuleni juu ya kabati la tv. Sasa tangu kusi lianze kuvuma mwezi wa sita, asubuhi namkuta kajilaza chini kwenye changarawe, mapezi kayabana, rangi imepauka, nikimdondoshea chakula anakiangalia tu. Ikifika saa nane mchana huyo anazunguka tenki zima kama hajawahi kuumwa. Jamaa mmoja kaniambia hiyo ni baridi, nunua hita, kile kifaa cha kupasha maji ya tenki. Nimezunguka mjini hapa sijaiona, nikauliza Dar naambiwa kuna wati 25, 50, 100, kuna za kioo, kuna vibapa vya kuchomeka kwenye chaja ya simu, nikachoka. Na mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, eti sisi wenyewe tunaoga ya bomba hivyo hivyo halafu samaki ndo achemshiwe. Waliopita njia hii naomba tupeane uzoefu, ulinunua ipi na nini kilikukuta. Ya kusikia sikia sitaki.

Fundi Soketi (Magomeni, Mtwara)
Mimi ni fundi umeme na bado niliingizwa mjini. Nilinunua hita kwa jamaa anayeuza vitu used, plagi yake ile ya meno mawili bapa, nikasema si naweka adapta tu yaishe. Nikaijaribu kwenye ndoo kwanza, nashukuru Mungu kwa hilo. Haikupita muda nikasikia ta! kioo kimepasuka, breka imeshuka, nyumba nzima giza na mechi ilikuwa inaendelea, niliyosikia siku hiyo siwezi kuandika hapa. Kuja kumulika na tochi, maandishi madogo kama mguu wa sisimizi, 120V. Umeme wetu ni 230, ukiichomeka hiyo huku nguvu inapanda karibu mara nne, yaani ile ya wati 50 inataka kufanya kazi ya wati 180 na kitu. Mkuu kabla hujatoa hela soma hayo maandishi, adapta inabadilisha meno ya plagi tu, umeme unabaki ule ule.

Mama Wawili (Lindi mjini)
Mimi nilimpika samaki wa mwanangu. Naandika hivyo hivyo maana ndo ukweli.

Tenki lilikuwa la lita 10. Dukani kulikuwa na ya wati 50 na ya wati 100, bei zimepishana kidogo sana, nikachukua kubwa, akili yangu ikaniambia kubwa itapasha haraka halafu ipumzike. Wiki tatu ilifanya kazi vizuri kabisa, taa nyekundu inawaka, inazima, inawaka, mtoto anafurahi. Usiku mmoja ikawaka haikuzima. Nasikia ile sehemu ya kukata umeme ndani inaweza kugandana, mimi ningejuaje nimelala. Asubuhi naenda kufunua mfuniko mvuke ukanipiga mkononi kama nimefunua sufuria ya wali. Mwanangu kasimama nyuma yangu na sare ya shule ananiuliza mama mbona Chichi analala kiubavu. Nilimwambia atoke nje avae viatu. Mpaka leo sina jibu la lile swali, na hita niliitupa siku hiyo hiyo.

Fundi Soketi
Pole sana dada yangu. Ngoja niwawekee hesabu maana hiyo inatokea sana. Wati 100 kwenye lita 10 inapandisha nyuzi moja kila dakika saba tu, saa moja na ushee ishapanda nyuzi kumi. Ya wati 25 kwenye maji hayo hayo nyuzi moja inachukua kama nusu saa, na kadiri maji yanavyopata moto yanapoteza joto kwa hewa ya chumbani, kwahiyo hata ikigandana una nafasi ya kushtuka. Wazoefu wengi wanakwenda na wati moja kwa lita, ikizidi kidogo sawa. Kwa lita 15 chukua 25 usiangalie nyingine. Na vile vibapa vya chaja ya simu vingi havina thamostati, yaani ile sehemu ya kukata umeme joto likitosha, vinawaka tu masaa yote, usiku vinashindwa baridi mchana vinaongeza joto lisilohitajika.

Dada wa Newala
Nyie wa pwani mnajadili kama mnahitaji, huku juu hakuna mjadala. Baridi ya Newala mwezi wa sita na wa saba tunavaa sweta asubuhi, beta bila hita anakufa au anatoka vidoa vyeupe kama kanyunyiziwa chumvi. Wa kwanza wangu aliondoka hivyo.

Sasa hivi nina lita 20 na hita ya wati 25 ya kioo, ina kitufe cha kuzungusha juu. Nilichojifunza ni kwamba namba za kwenye kitufe zinadanganya. Niliweka 26, thamomita ya pembeni ikasoma 28. Nikashusha, nikasubiri siku nzima, nikashusha tena, ndo ikakaa 26 ya kweli. Thamomita ilikuwa ya bei rahisi kuliko vyote na ndo kitu pekee ninachokiamini humo ndani. Hita nimeilaza karibu na chini, ubavuni mwa filta, ile ya kuchuja maji, maji yake yanasukuma joto linatembea, mwanzo niliisimamisha kona nyingine upande mmoja ukawa vuguvugu upande mwingine baridi, samaki akahamia kona moja kama mpangaji.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kubadilisha maji. Mnajua maji huku tunanunua kwa ndoo, natoa robo tu kila wiki, basi siku hiyo nikachota bila kuchomoa hita, maji yakashuka ikabaki inawaka hewani, nikamimina maji mapya ya baridi juu yake kioo kikapasuka kama yai. Siku hizi nachomoa, naenda kukoroga uji, nikirudi baada ya nusu saa ndo nagusa maji. Kuhusu luku usiogope, wati 25 hata ikiwaka bila kupumzika ni unit 0.6 kwa siku, na hiyo haiwaki muda wote. Umeme ukikatika nafunika tenki na blanketi, ukichelewa natia maji ya moto kwenye chupa ya plastiki nafunga vizuri naiacha ielee humo. Tumeshakesha hivyo.

Pweza Mkavu (Mikindani)
Mwaka wa tatu huu sina hita na beta wangu mzima. Siwaambii msinunue, ila wa pwani mpime kwanza. Hawa wanatokea Thailand na majirani zake, kwenye mashamba ya mpunga na mabwawa ya maji yaliyotulia, joto lao ni nyuzi 24 mpaka 28 hivi. Mimi kwangu kusi likivuma maji asubuhi yanasoma 23 na nusu mpaka 24, nafunika tenki na kioo nabakisha nafasi kidogo juu, maana beta anapanda juu kuvuta hewa kama sisi, hiyo hewa nayo ikiwa ya baridi sana haimfai. Inatosha.

Kinachonipa presha mimi ni kaskazi. Mwezi wa kumi na mbili maji yanagonga 31 saa tisa mchana, hapo hita hata kama unayo itakuwa imelala, unaanza kutafuta feni. Nafungua mfuniko napulizia feni juu ya maji, yanashuka nyuzi mbili hivi, ila yanapungua haraka kila siku unajazia.

Halafu weka jani kavu la mkungu, ule mti unaozaa kungu, lile jani linalodondoka lenyewe likiwa jekundu. Maji yanakuwa rangi ya chai ya rangi, mke wa Korosho Ghafi atacheka tena, lakini samaki anatulia na mapezi yanapona haraka. Watu wanaagiza majani hayo kwa hela mtandaoni na sisi tunayafagia kila asubuhi.

Kijana wa Dukani (Mtwara mjini)
Langu fupi. Beta wa dukani kwetu alikuwa analala chini miezi ya joto, bosi akaagiza hita ya bei. Kumbe tenki lilikuwa chini ya AC inapuliza moja kwa moja. Tukalihamishia upande wa kaunta akaamka siku ya pili. Hita ipo stoo kwenye boksi lake.

Korosho Ghafi
Wakuu nimerudi. Nilitumiwa thamomita kwa basi kutoka Dar, nimepima siku tano. Saa kumi na moja alfajiri 21 na nusu, 22, 21, 22, 22. Saa nane mchana 26. Nikamkumbuka kijana wa dukani nikaangalia tenki lilipo, liko usawa wa dirisha la nondo linalotazama kusini na kioo kimoja kimevunjika tangu mwaka jana, usiku upepo wote unaingia hapo. Nimelihamishia ukuta wa ndani, nikafunika kioo, asubuhi ya leo 23. Imepanda ila bado haijafika, na lile la asubuhi 23 mchana 26 kila siku silipendi. Nimeagiza ya wati 25, nimemwambia muuzaji anipigie picha maandishi, 220-240V yameonekana.

Samaki leo kala punje tatu kabla ya saa mbili. Mke wangu ndo aliyempa.

Mama Wawili
Ikifika iweke kwenye ndoo na thamomita siku mbili nzima kabla hujamtia kwa samaki. Tafadhali kaka yangu.

Korosho Ghafi
Nitafanya hivyo dada. Pweza, mkungu ulio karibu na mimi uko barabarani bajaji zinapita kutwa, jani lake linafaa?

Pweza Mkavu
Achana nalo, lina vumbi na moshi. Njoo Mikindani jumapili nikujazie mfuko.